Dardanus, kipepeo wa sura za kuazima

Umande ukishakauka asubuhi, dume la Papilio dardanus huanza doria kwenye ukingo wa msitu. Huruka kwa kasi, juu kidogo ya kimo cha mtu, akifuata mstari wa vichaka na miti. Akifika mwisho hugeuka na kurudi kwa njia ile ile. Hana la kuficha. Mbawa zake ni za manjano yaliyopauka, karibu na rangi ya malai, zimezungushiwa pindo jeusi, na kila ubawa wa nyuma unaishia kwenye mkia mwembamba. Akitandaza mbawa hufikia sentimita 8 hadi 10 kutoka ncha hadi ncha. Katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, katika Milima ya Usambara, Kakamega na Budongo, hata kwenye bustani za Nairobi zilizopakana na miti ya asili, dume huyu hatambuliki kwa shida.

Kazi ni kumpata jike wake. Mtu akitafuta huko pwani jike wa rangi ya malai mwenye mikia miwili, atatafuta mpaka jua litue. Badala yake atapishana na kipepeo mweusi mwenye mabaka makubwa meupe, asiye na mkia, akielea polepole kivulini. Mbele kidogo atamwona mwingine wa rangi ya machungwa, ncha za mbawa zake nyeusi na zimepigwa baka jeupe. Kisha wa tatu, mweusi mwenye madoa ya manjano. Hakuna kati yao anayefanana na mwenzake, wala anayefanana na dume. Na bado wote wanaweza kuwa mabinti wa mama mmoja, na dume anayepiga doria akawa ndugu yao wa tumbo moja.

Jina Papilio dardanus lina umri mkubwa: lilichapishwa mwaka 1776. Eneo analoishi kipepeo huyu nalo ni kubwa. Anapatikana kuanzia Afrika Magharibi hadi Ethiopia, kusini mpaka Afrika Kusini, na ng'ambo ya bahari katika kisiwa cha Ngazija na Madagaska. Sharti lake ni miti. Haishi kwenye mbuga kavu zilizo wazi wala jangwani. Maskani yake ni msitu, ukingo wa msitu, vichaka vya kando ya mito, na mashamba au bustani ambazo hazijafyekwa zikabaki tupu. Wataalamu wamemgawa katika nususpishi kadhaa. Wa pwani ya Afrika Mashariki huitwa tibullus, na wa nyanda za juu za Kenya polytrophus. Kwa madume tofauti baina ya nususpishi hizo ni ndogo, zaidi ni upana wa weusi kwenye mbawa. Mambo yote yako kwa majike, ambao wanasayansi wamewahesabia sura zaidi ya kumi.

Kila sura maarufu ina mwenyewe wa asili. Jike mweusi na mweupe, anayeitwa hippocoonides, ni nakala ya Amauris niavius, kipepeo wa msituni wa ukoo mwingine kabisa. Yule wa rangi ya machungwa, trophonius, amechukua sura ya Danaus chrysippus, kipepeo anayeonekana karibu kila mahali Afrika Mashariki, kando ya barabara, mashambani na kwenye viwanja vya shule. Mwenye madoa ya manjano, cenea, amewafuata Amauris echeria na Amauris albimaculata. Kwenye misitu ya Uganda na magharibi mwa Kenya kuna planemoides, ambaye amemgeza Acraea poggei hata kwa lile baka pana la rangi ya machungwa linalokatiza ubawa wa mbele.

Vipepeo hawa wanaogezwa wana jambo moja linalowaunganisha: ni wachungu, na baadhi wana sumu. Kiwavi wa Danaus chrysippus hula mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, na katika mingi ya mimea hiyo utomvu una kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo. Kiwavi mwenyewe hadhuriki. Huihifadhi sumu mwilini, akaja kuwa kipepeo akiwa bado anayo. Vipepeo wa Amauris wana njia ya ziada, kwani hata wakiwa wazima huzifuata aina fulani za mimea, hasa iliyonyauka au kukauka, wakafyonza humo alkaloidi chungu. Ndege mchanga asiyejua mambo akimnyakua mmoja wao humtema, na mara nyingine hutapika. Hukumbuka. Siku nyingine akiona rangi zile zile zikielea mbele yake, huziacha zipite.

Dardanus hana sumu hiyo. Kiwavi wake hula majani ya miti ya jamii ya mlimau, na kipepeo anayetoka humo ni chakula kizuri tu kwa mlamba au ndege mwingine yeyote anayekamata wadudu angani. Kinga ya jike ni kufanana na wachungu. Na hakuishia kwenye rangi, bali amegeza na mwendo. Dume huruka kwa haraka na kukata kona, lakini jike wa hippocoonides hujikokota hewani kama afanyavyo Amauris, kwa utulivu wa mdudu asiye na sababu ya kukimbia. Mtu akimshtua, utulivu ule hutoweka mara moja na mruko wa ukoo wake hujitokeza.

Aliyefafanua uigaji wa namna hii kwa mara ya kwanza ni Mwingereza Henry Walter Bates, aliyekaa miaka 11 katika bonde la Amazon akikusanya wadudu. Mwaka 1862 alitoa hoja kwamba vipepeo wanaolika hujipatia usalama kwa kufanana na wasiolika, na kwamba ndege ndio wanaoijenga nakala, kizazi baada ya kizazi, kwa kuwala wale waliofanana vibaya na kuwaacha waliofanana vyema. Charles Darwin, ambaye kitabu chake kuhusu asili ya spishi kilikuwa na miaka mitatu tu tangu kitoke, aliipokea hoja hiyo kwa furaha kubwa. Bates hakuwa amefika Afrika. Mfano wa Afrika uliipita hata ile ya Amazon kwa ajabu yake, lakini wakati huo hakuna aliyejua kuwa upo.

Katika makabati ya makumbusho ya Ulaya, majike wa dardanus walikuwa wamepangwa kama spishi mbalimbali, kila moja na jina lake. Hippocoon, mweusi na mweupe kama hippocoonides, alikuwa spishi, cenea spishi, trophonius spishi. Dume naye aliitwa merope. Mtu aliyeshuku mpangilio huo ni Roland Trimen, mtumishi wa serikali na mpenzi wa wadudu aliyeishi Rasi ya Tumaini Jema, ambaye baadaye alikuja kuongoza makumbusho ya huko. Trimen aliona kwamba merope wote waliokusanywa bara walikuwa madume, na wale waliodhaniwa kuwa spishi nyingine walikuwa majike watupu. Madume bila wake upande mmoja, wake bila waume upande wa pili. Mwaka 1869 alichapisha hitimisho lake: hao wote ni spishi moja.

Hitimisho hilo halikupokewa vizuri. William Hewitson, tajiri wa Uingereza aliyekuwa na mojawapo ya makusanyo makubwa ya vipepeo ya zama zile, alilikataa waziwazi; aliona ni ndoto kusema kwamba dume mwenye mikia na rangi ya malai ana wake kadhaa wasiofanana naye wala wao kwa wao. Ushahidi ulikuja katika miaka ya 1870. Mansel Weale, aliyekuwa akiishi upande wa mashariki wa koloni ya Rasi, alilea viwavi mpaka wakawa vipepeo, na kutoka kundi lile lile la viwavi wakatoka madume wa merope na majike wa cenea. Hata mkusanyaji aliyekuwa akimletea Hewitson vipepeo kutoka kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo ni Bioko, alimpelekea jozi iliyokamatwa ikipandana: dume la merope na jike wa hippocoon. Trimen alikuwa sahihi.

Kwa nini basi jike asichague sura moja nzuri akabaki nayo? Jibu limo katika hesabu ya ndege. Uigaji huu unafanya kazi pale tu ndege anapokutana na mchungu mara nyingi kuliko anavyokutana na mwigaji. Waigaji wakizidi, ndege mchanga atakula mmoja, aone mtamu, ale wa pili, na somo analolipata litakuwa kinyume. Kwa hiyo sura yoyote inayozidi wingi hupoteza thamani yake, na sura iliyo adimu hupata nafuu. Spishi ambayo majike wake wamegawana sura nne au tano inaweza kuwa na majike wengi zaidi msituni kuliko ambayo wote wangevaa moja. Mgawanyo huo hulindwa na ndege wenyewe bila wao kujua.

Uthibitisho mzuri wa hesabu hiyo ulitoka Afrika Mashariki katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Vipepeo walikusanywa karibu na Entebbe, Uganda, ambako vipepeo wachungu ni wengi mno kuwazidi dardanus. Wengine walikusanywa karibu na Nairobi, ambako wachungu wa aina hizo ni wachache hata kuliko dardanus wenyewe. Kule Entebbe, majike ambao sura yao haikukamilika, nakala zenye kasoro za rangi au za mabaka, walikuwa karibu asilimia 4 tu. Karibu na Nairobi walifika takriban theluthi moja. Pasipo na wachungu wa kutosha wa kumfundisha ndege, nakala mbovu inaishi sawa na nakala nzuri, maana hakuna anayeifananisha na chochote.

Ukitaka kuona hali ilivyo pale majike wasipoiga kabisa, nenda baharini. Huko Madagaska na Ngazija, majike wa dardanus wana mikia na rangi ya malai kama waume zao, hawamwigi yeyote. Ethiopia iko katikati: majike wengi wanafanana na dume, na wachache wanaoiga bado wamebaki na mikia yao, mikia ambayo wachungu wanaoigwa hawana. Ni vigumu kuitazama ramani hiyo bila kuona historia ndani yake, sura ya zamani ikiwa imebaki visiwani na kwenye milima ya kaskazini, na sura za kuazima zikiwa zimeshamiri katikati ya bara.

Lakini sura yoyote atakayoivaa jike, maisha yake huanza kwa namna moja na ya dume.

Mama hutafuta mti wa jamii ya mlimau. Msituni hupendelea Clausena anisata, Toddalia asiatica wenye miiba, na miti ya Vepris. Wakati mwingine hutaga hata kwenye michungwa. Huutambua mti kwa miguu, kwa kuwa vipepeo huonja kemikali za jani kwa vinyweleo vilivyo kwenye nyayo zao. Hutua, hupapasa jani kwa haraka, na kama ndilo, hukunja tumbo na kubandika yai moja, la mviringo, dogo, lenye rangi ya manjano hafifu. Kisha huondoka kwenda kutaga lingine kwingine. Kutawanya mayai kuna faida mbili: viwavi hawagombanii majani, na nyigu anayetaga mayai yake ndani ya mayai ya wenzake hawezi kumaliza uzazi wote kwa ziara moja.

Baada ya siku chache, kwa kawaida zisizotimia wiki, kiwavi hutoka. Wengi huanza kwa kula ganda la yai lao. Katika hatua za mwanzo ana rangi ya kahawia iliyokolea yenye mabaka meupe, na akitulia juu ya jani anafanana na kinyesi cha ndege. Wenye milimau nyumbani wanaweza kuwa wamewaona jamaa zake wa karibu, viwavi wa Papilio demodocus, ambao hutumia mbinu hiyo hiyo kwenye majani ya limau na chungwa. Mbinu hiyo ina mpaka wake, kwani kinyesi hakikui. Kiwavi akishajivua ngozi mara kadhaa na kunenepa, hubadili mbinu: huwa wa kijani, rangi ya jani analolila, na hushinda ametulia.

Akiguswa huwa na silaha moja ya mwisho. Nyuma tu ya kichwa, chini ya ngozi, amekunja kiungo laini chenye matawi mawili. Akishtuka hukichomoza ghafla kama pembe mbili zilizolowa, na kutoka humo hutoka harufu kali. Silaha hii huwafukuza chungu na wadudu wengine wadogo kuliko inavyowafukuza ndege. Nyigu wa vimelea na nzi wanaotaga mayai mwilini mwa viwavi hupenya mara nyingi, buibui na vunjajungu huchukua fungu lao, na magonjwa ya virusi huweza kuteketeza viwavi waliosongamana. Kati ya mayai yanayotagwa msituni, ni sehemu ndogo tu inayofika kuruka.

Kiwavi hula kwa majuma matatu hadi manne, akipitia hatua tano. Siku ya mwisho huacha kula, hutanga akitafuta mahali, hubandika nyuzi za hariri kwenye kijiti, hushika hapo kwa ncha ya mkia na kujifunga mshipi mwembamba wa hariri kiunoni. Huvua ngozi kwa mara ya mwisho, na chini yake kuna pupa. Pupa ya dardanus ni ya kijani, bapa, yenye kingo zilizochongoka, na imekaa kwenye kijiti kama jani miongoni mwa majani. Hapo inabaki wiki mbili au tatu bila kula wala kutembea, huku ndani sehemu kubwa ya mwili wa kiwavi ikivunjwavunjwa na kujengwa upya. Mbegu za mbawa zilikuwepo tangu uwavi, vijisahani vidogo vya chembehai chini ya ngozi. Sasa ndipo zinapokua na kupangiwa rangi, kigamba kimoja kimoja.

Karibu na siku ya kutoka, ganda huwa jembamba na rangi za mbawa huanza kuonekana kwa ndani. Kipepeo hulipasua ganda, hujivuta nje akiwa na mbawa zilizokunjamana, huning'inia, na kusukuma maji ya mwili ndani ya mishipa ya mbawa mpaka zinyooke. Zikikauka, huruka. Hapo tena maisha huhesabiwa kwa majuma. Madume hufyonza nekta, na mara kwa mara hushuka kwenye tope la kando ya mto kunyonya chumvi ambazo nekta haina za kutosha. Majike hupandwa mapema, kisha hutumia siku zao wakitafuta miti ya kutagia.

Swali lililowasumbua wanasayansi kwa muda mrefu ni namna sura hizi zinavyorithiwa. Mama wa hippocoonides anaweza kuzaa mabinti wa cenea, na sura hazichanganyiki. Jike wa nusu hippocoonides na nusu trophonius hapatikani kirahisi, ingawa tofauti baina yao inagusa rangi, ukubwa wa mabaka na mahali pake kwenye mbawa zote nne.

Waliolifungua fundo hili katika miaka ya 1950 na 1960 ni watu wawili wa Liverpool, Uingereza. Cyril Clarke alikuwa daktari wa hospitali aliyefuga vipepeo kwa kuwapenda tu, na Philip Sheppard alikuwa mtaalamu wa urithi wa viumbe. Walipandisha dardanus kutoka sehemu mbalimbali za Afrika, wakitumia ufundi ambao Clarke aliuboresha wa kuwashika dume na jike mikononi na kuwaunganisha taratibu, kwa sababu vipepeo wa aina hii hawapandani kwa hiari kwenye nafasi finyu. Waligundua kwamba karibu kila kitu kuhusu sura ya jike kinaamuliwa mahali pamoja kwenye kromosomu, na kwamba matoleo ya mahali hapo yana ngazi ya nguvu: moja humfunika jingine. Toleo la hippocoonides liko chini kabisa, hujitokeza tu kama limerithiwa kwa baba na kwa mama. Na dume je? Naye analo, kutoka kwa wazazi wote wawili, isipokuwa kwake halisemi chochote. Dume wa rangi ya malai hubeba maagizo ya sura za mabinti zake bila yeye kuvaa hata mojawapo.

Kazi hiyo ya vipepeo ilikwenda mbali kuliko alivyotarajia yeyote. Clarke aliona kwamba urithi wa makundi ya damu ya Rhesus kwa binadamu unafanana na urithi wa sura za vipepeo wake, na hilo likamvuta kwenye tatizo la akina mama wenye Rhesus hasi wanaobeba mimba za watoto wenye Rhesus chanya. Mwili wa mama huweza kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto, na mimba inayofuata ikaharibika au mtoto akazaliwa mgonjwa sana. Katika miaka ya 1960 timu ya Liverpool, sambamba na watafiti wa New York, ilionyesha kwamba mama akichomwa sindano ya kingamwili ya anti-D mara baada ya kujifungua, hatari hiyo huzuilika. Wanawake wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala wenye Rhesus hasi wanaopewa sindano hiyo leo wanafaidika na utafiti ambao mmoja wa waasisi wake aliingia kupitia mlango wa vipepeo wa Afrika.

Mwaka 2014, watafiti walipoichunguza DNA ya dardanus, waliitambua sehemu ile ya kromosomu. Ndipo ilipo jeni iitwayo engrailed, ambayo kwa wadudu wote hushughulika na kupanga mwili wa kiumbe kingali kichanga. Kwa dardanus jeni hiyo kongwe imepewa kazi ya ziada ya kuamua ni mchungu yupi binti atafanana naye.

Limebaki swali la dume. Kama sura ya kuazima huokoa maisha, kwa nini dume hana? Maelezo yanayokubalika zaidi ni mawili, na yanaweza kwenda pamoja. La kwanza, jike aliyejaa mayai ni mzito, huruka taratibu na hulazimika kusimama kwenye jani moja baada ya jingine, hivyo ndege humpata kwa urahisi kuliko wanavyompata dume. La pili, dume akipoteza rangi yake huenda majike na madume wenzake wasimtambue tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 uliongeza jambo la kufikirisha: majike wanaofanana na madume husumbuliwa kidogo na madume wanaotaka kupanda, jambo linaloweza kuwapa muda zaidi wa kutaga. Kwa hiyo hata kutoiga kuna faida yake.

Kipepeo huyu anafugwa pia. Mwaka 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo huko Gede, kando ya magofu ya mji wa kale wa Waswahili, kwa lengo la kuwapa wakazi wa jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke kipato kinachotegemea msitu uliosimama. Msitu huo, wa takriban kilomita za mraba 420 kati ya Kilifi na Malindi, ndio mkubwa kuliko misitu yote ya asili iliyobaki ikiwa kipande kimoja kwenye pwani ya Afrika Mashariki, na una spishi zaidi ya 250 za vipepeo. Kabla ya mradi, wakazi wengi wa pembezoni walitaka ukatwe wapate mashamba. Msitu uliwapa ndovu na nyani wa kuharibu mahindi na haukuwapa pesa. Wafugaji walijifunza kuweka majike ndani ya vizimba vya chandarua penye miti wanayotagia, kulisha viwavi, kukusanya pupa na kuzileta Gede, ambako hufungashwa na kusafirishwa kwa ndege kwenda kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Dardanus ni miongoni mwa vipepeo wanaofugwa hivyo.

Tanzania ilikuwa na mradi kama huo Amani, katika Usambara Mashariki, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuwafaa wakulima wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Mwaka 2016 serikali ilipopiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, pupa nazo ziliingia kwenye katazo hilo, na soko la wafugaji wa Amani likafungwa, ingawa mdudu aliyelelewa kwenye kizimba cha mkulima ni tofauti na twiga au kasa aliyetolewa porini. Wanaojali misitu ya Usambara wana haki ya kutaka tofauti hiyo izingatiwe katika sheria.

Biashara yenyewe ni ya haraka. Pupa ikishakauka ina majuma mawili au matatu tu kabla haijapasuka, na safari ya kutoka kijijini hadi Gede, kisha uwanja wa ndege, kisha Ulaya, lazima iishe ndani ya muda huo. Kwa dardanus, mfugaji huuza bila kujua anauza sura gani, maana pupa zote ni za kijani. Na kizimba peke yake hakijitoshelezi. Vipepeo wakipandana ndugu kwa ndugu vizazi kadhaa mayai hudhoofika, kwa hiyo mara kwa mara mfugaji mwenye kibali hurudi msituni kukamata mama wapya. Akimkuta mweusi mwenye mabaka meupe anayejikokota kivulini, inambidi asubiri kidogo, amshtue, na autazame mruko wake kabla hajanyanyua wavu, maana huenda akawa Amauris.